Kikale Iliuzwa Nikiwa Nimeshika Kibuyu

Asteria mwanangu,

Watu wengine huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, umevaa gauni langu la maua bila kuniomba, na begi lako umelifunga tangu jana asubuhi utadhani nyumba inaungua. Mimi nimekaa mlangoni ambako bado kuna mwanga. Naandika harakaharaka kabla hujarudi, maana ukisimama mbele yangu nitaanza kukusema kuhusu kandambili zako na la maana nitalisahau.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kusali, wala za wavulana. Hayo nimekuambia mpaka unayasema pamoja nami ukiiga sauti yangu. Nataka nikueleze habari za Kikale. Umekua ukisikia watu wa Kishanda wakilitaja jina hilo, na kila ulipouliza niligeuza mazungumzo. Sasa mjomba wako Evarist amekuita ukakae kwake Mwanza, amekuahidi shule, nawe huna usingizi kwa furaha. Kabla hujala kwenye meza yake, ujue ni mtu gani.

Kikale, kwa Kihaya, ni boma la mkama, mfalme wetu. Babu yangu hakuwa mkama. Alikuwa mwami tu, chifu mdogo wa kukusanyia wengine kodi, ila tulikuwa wa ukoo unaotawala na hakuacha mtu asahau. Bwana DC mmoja alimwonyesha picha ya nyumba ya wazee wake huko Uingereza: ukuta wa mawe, madirisha marefu, bomba la moshi juu ya paa. Babu akasema na yeye anaitaka. Watu waliolima kwenye ardhi yetu ya nyarubanja, mashamba makubwa ya watawala, wakabeba mawe kutoka mlimani msimu hadi msimu, bila malipo, maana ardhi ilikuwa yetu na wao walikuwa kama wetu pia. Akaweka hata meko ya ukutani sebuleni, kama ya kwenye picha. Kwetu moto ni wa jikoni, nyuma ya nyumba, na hakuna aliyejua moto wa sebuleni unapika nini. Mwishowe kuku walihamia humo wakataga.

Kulikuwa na chumba cha Bwana DC. Kitanda cha chuma, godoro la pamba, shuka nyeupe zilizoanikwa kila Jumamosi. Alilala humo mara moja, akalalamika viroboto, hakurudi. Lakini chumba kilibaki chake. Sisi watoto tulibanana chumba cha nyuma juu ya mikeka, na mvua ya masika ilipovuja tulilala tumekaa, huku kitanda cha mgeni kikiwa kikavu na kitupu. Hapo ndipo ningepaswa kujifunza mapema kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya watu wa nje. Sikujifunza. Niliipenda mno.

Niliipenda kwa sababu ilinifanya niwe mtu. Jina langu Kokugonza, na majina ya Koku walipewa mabinti wa ukoo wetu. Wanawake wazima wenye wajukuu walipiga magoti kunisalimu wakati bado napanguswa makamasi. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikuwa napita makusudi njia yenye watu wengi.

Baada ya uhuru machifu wakaondolewa, na nyarubanja ikafuatia. Babu aliendelea kukaa barazani kila asubuhi, amevaa kanzu na koti juu yake, anangoja watu waje wamsalimu kichifu, "Kaboneka, waitu." Watu wakaanza kupita njia ya bondeni, wakikanyaga tope, ili mradi wasipige magoti. Nilikaa naye pale nikiwa msichana mdogo na nilimwona akiwatazama wakipita. Alikufa bila kuugua ugonjwa wowote wenye jina, na mpaka leo sijui kama nimwonee huruma yeye au wale waliobeba mawe.

Baba akabaki na jumba lisilo na wafanyakazi, paa linalovuja, na watoto watatu. Kaka yangu Pontian alikuwa mkubwa, mimi wa katikati, na Evarist kitinda mimba. Mama yetu alikufa akimzaa, kwa hiyo Evarist alikulia mgongoni mwangu. Nilipokwenda kisimani alikuwa mgongoni, nilipopalilia maharage alikuwa mgongoni. Aliniita mama mpaka Baba alipomkataza.

Vita vilipoanza nilikuwa nimeolewa na wewe ulikuwa unanyonya. Baba yako alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake, wakaunganishwa na jeshi, wakavuka kwenda Uganda. Hakurudi, hilo unalijua. Usilolijua ni la Evarist. Alikuwa anasoma sekondari Bukoba mjini siku ndege zilipodondosha mabomu. Habari zilifika Kishanda zikiwa zimeongezwa chumvi, kwamba mji wote umeungua. Baba alisema tungoje, kijana atakuja na wenzake. Pontian naye akasema tungoje. Mimi nilikufunga mgongoni nikaondoka.

Barabara nzima ilikuwa inakuja, mimi peke yangu nakwenda. Watu walibeba magodoro, mbuzi, cherehani, mzee mmoja alibebwa kwenye kiti. Wanawake walinishika mkono wakiniuliza kama nina akili. Nilitembea, nikalala kwa watu nisiowajua, nikatembea tena, nikamkuta Evarist bandarini Kemondo, amejikunyata kwenye ukuta wa ghala, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa kijana mrefu wa sekondari, lakini aliponiona alilia kwa sauti mbele ya watu na akajikojolea. Nilimvua shati nikamfunga kiunoni ili pasionekane. Wewe nilikunyonyesha, yeye nikampa ndizi mbili nilizobaki nazo. Tukarudi, ameshika pindo la kanga yangu njia nzima.

Nilidhani siku ile nimejipatia ndugu wa maisha. Sasa ninavyofikiri, siku ile ndiyo niliyompoteza. Kuna watu ukiwaokoa wanakupenda, na kuna watu ukiwaokoa wanashindwa kukutazama usoni, kwa sababu umewaona. Evarist tangu hapo alikuwa anazungumza nami kwa adabu nyingi kuliko inavyohitajika. Mimi nikaiita heshima.

Ndugu wa baba yako walitaka nirithiwe na shemeji. Nilikataa, wakaniambia basi nirudi kwetu na mtoto wangu wa kike, hawana haja naye. Nikarudi Kikale. Baba alikuwa ameanza kuchoka. Kabla hajafa aliwaita wazee wa ukoo barazani akasema maneno yake. Pontian ndiye musika, mrithi wake. Mimi, kwa kuwa binti hapewi ardhi ya ukoo, nitakaa katika nyumba ile mpaka kufa kwangu, na isiuzwe bila mimi kukubali mbele ya ukoo wote. Wazee wakaitikia. Evarist alikuwepo, ndiye aliyemshika Baba asianguke wakati anazungumza.

Nilijiona nimekaa juu ya mwamba. Hilo ni kosa langu moja, mwanangu, na nalitaja si kwa sababu linanichoma bali kwa sababu naona una dalili zake. Niliamini kwamba neno lililosemwa mbele ya watu wengi haliwezi kugeuzwa. Kumbe linageuzwa vizuri zaidi, kwa kuwa kila mmoja anangoja mwenzake ndiye akatae.

Baada ya vita biashara ya magendo ilishika kasi mpakani, na Pontian akaingia. Alileta mashati na vitenge, na nyumba ikapata rangi mpya. Kisha ukaja ugonjwa ule ambao mwanzo tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa, maana waliokuwa wakikonda ni hao hao waliokuwa wakivivaa. Tulicheka kwanza. Halafu Pontian akaanza kukonda.

Nilimlaza kwenye kitanda cha Bwana DC. Kwa mara ya kwanza mtu wa kwetu akalala humo. Nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilifua shuka zile zile nyeupe mpaka zikachanika. Nilijifunza ugonjwa huo kwa mikono yangu: utando mweupe mdomoni, jinsi mtu anavyolikatakata tonge dogo na kulizungusha sahanini ili uone amekula, jinsi anavyovaa koti juani. Evarist alikuja kutoka Mwanza alikoanza kazi. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha akaniuliza mimi hali ya mgonjwa, na mgonjwa anasikia. Pontian hakuwa ameacha mtoto. Alipokufa, Evarist akawa musika.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Unajua desturi yetu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikitolewa mbele ya wageni, mtu wa nyumba anaionja kwanza, ili wageni waone haina kitu kibaya. Anayeonja anasema kwa kitendo kwamba nyumba inajua pombe hii na inaikubali. Ndiyo maana hata kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinapouzwa pombe hutolewa, na ndugu wa muuzaji huonja, na aliyeonja hawezi kesho kusema hakujua. Mtoto wa Kihaya hahitaji kufundishwa hilo.

Evarist aliandika kwamba anakuja kumaliza matanga ya kaka yetu, watu wakanyage ndizi, rubisi iwe nyingi. Nilifurahi kwamba hatimaye anafanya jambo la kiume. Siku ilipofika wazee walijaa barazani. Alikuwepo pia mgeni mmoja mnene, mwenye kambi ya wavuvi kisiwani Goziba, ambaye Evarist alisema alikuwa rafiki wa marehemu. Nikampa mkeka mzuri. Evarist akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili, akaniambia kwa upole, "Dada, wewe ndiye mkubwa sasa. Onja tuanze."

Nikaonja. Nikavuta funda moja kwenye mrija nikameza. Nilikuwa na machozi, namkumbuka Pontian, na nakumbuka ilikuwa rubisi nzuri.

Evarist akasimama, akawauliza wazee kama wameona. Wakasema wameona. Ndipo akasema kwamba pombe hii ni ya kibanja na nyumba, kwamba bwana huyu ndiye mnunuzi, na kwamba dada yake, aliyeachiwa neno na marehemu baba, amekubali mbele ya ukoo wote. Nikatazama uso mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeshangaa. Ndipo nikajua kwamba walikuwa wamekwisha zungukwa wote, kila mmoja kwa bei yake, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa kwenye matanga.

Nikasema, "Mimi nimeonja pombe ya msiba wa kaka yangu."

Mzee mmoja, ndugu wa Baba wa damu, aliyenibeba nikiwa mchanga, akanijibu bila kuinua macho, "Mwanangu, tumekuona ukionja."

Basi. Nyumba ya mawe iliyojengwa kwa misimu mingi iliondoka kwa funda moja la pombe, na kibuyu bado nimekishika mimi. Nilitaka kukivunja miguuni pa Evarist. Sikukivunja. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba binti wa Kikale hafanyi fujo mbele ya wageni, na nikatii, Asteria, nikakiweka chini taratibu kama mjinga. Kama kuna siku katika maisha yangu ningepewa tena, ningechukua ile, nifanye fujo mpaka wasikie bondeni.

Wewe unaikumbuka Goziba kama mchezo, unasimulia jinsi ulivyokuwa ukifukuza ndege kwenye dagaa. Mimi nilikwenda kule kwa sababu sikuwa na pa kulala. Niliwapikia wavuvi wasiojua mimi ni nani, wakaniita Mama Ugali, na nilishangaa kwamba jina hilo halikuniua. Nilikausha dagaa, nikauza, nikanunua kibanja hiki tunachokaa. Kidogo, na migomba yake mwanzo ilikuwa ya kutia aibu. Lakini sikupewa na ukoo na ukoo hauna neno juu yake. Yule mnene aliezua mabati ya Kikale akayapeleka kisiwani. Chumba cha Bwana DC kina nyavu. Babu, Baba na Pontian wamezikwa mle mle, na siku ya marehemu ili nikafagie makaburi yao lazima nimwombe mlinzi anifungulie. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wangeniambia na jinsi ya kuivua nguo yenyewe.

Sasa nifike kwa jambo la kesho.

Evarist alipokuja Jumapili ile baada ya misa, ulimpokea kwa vigelegele, ukachinja jogoo wangu. Ulimwona amependeza kwa lile koti. Mimi nilimtazama anavyokula. Aliikata ndizi vipande vidogo, akavizungusha. Alikunywa maji kila tonge. Alipocheka kwa utani wako niliona ulimi wake. Wewe ulikuwa unamuuliza habari za shule za Mwanza, na yeye anakuahidi, na mimi nimeshika sahani nimeshindwa hata kuketi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza nani anamfulia. Akasema mke wake alirudi kwao Musoma tangu masika, kachukua watoto. Nikamuuliza kama ndiyo sababu anamtaka Asteria. Hakubisha. Alitazama chini akaniuliza, "Dada, mimi nitazikwa wapi?"

Hilo ndilo lililomleta. Hakuna shule. Anataka binti wa damu yake wa kumwosha na kumgeuza kitandani, kisha, akifa, binti huyo huyo amlete kwa mama yake mwenye kibanja, maana Mhaya hazikwi mjini kati ya watu asiowajua, na chetu alikiuza yeye. Ulimwona mjomba. Mimi nilimwona mtu anayekuja kununua mara ya pili, na safari hii bidhaa ni wewe.

Nilikaa na hasira hiyo siku zote hizi. Nilipokuwa nakusuka nywele nilikuwa na hasira. Mara nilisema nimwache afe peke yake, aoze, ajue. Nilisema kwa sauti, nikiwa shambani, na migomba ikanisikia. Halafu nakumbuka kile kiatu kimoja cha Kemondo na hasira inapoteza miguu. Inarudi tena jioni.

Nimekata shauri hivi. Kesho tutashuka Bukoba pamoja, nawe utadhani nakusindikiza melini. Hatutaanza na bandari. Tutaanza kwa masista, mlangoni pao, na hapo ndipo nitakupa barua hii. Nimekwisha zungumza na sista mkuu. Wamekubali kukuchukua katika mafunzo yao ya uuguzi, na utalala kwao. Si Mwanza yenye taa ulizoziota, najua. Utakasirika. Kasirika, lakini ingia ndani.

Melini nitapanda mimi. Nitamwosha mwenyewe, maana naijua kazi hiyo na wewe hupaswi kuijua kwa namna ile, ya kudanganywa. Usidhani nimemsamehe. Hajaniomba. Pale barabarani aliuliza kuhusu kaburi lake, hakuuliza kuhusu kibuyu. Nakwenda na kinyongo changu kizima, na nitamlisha uji nacho. Pengine ataomba, pengine hataomba, na sitamlazimisha kwa njaa.

Nimemwonyesha jirani pahali pa kuchimba, upande wa juu wa kibanja, mbali na jiko. Evarist atazikwa kwa mwanamke, kwenye ardhi ya dagaa, na wazee wale watakuja kukaa kwenye nyasi zangu na watasubiri mimi ndiye nionje pombe. Sitaionja. Watakunywa maji.

Na wewe, ukiletewa habari kwamba amekufa, usije. Nakuandikia ili uwe na karatasi ya kuwaonyesha. Najua uzito wa ninalosema: kwetu asiyefika kuzika husemwa mpaka kwa wajukuu, na watakusema, watasema binti wa Kokugonza kasoma mpaka kamsahau mjomba. Waambie ni mama aliyekukataza, waje wanione. Alikuita kwa uongo, na mtu aliyeitwa kwa uongo hana deni la kuitika. Siku hiyo mimi nitakuwa na koleo mkononi. Wewe uwe darasani.

Mama yako,
Kokugonza